Pimbi wa Kayenze na Kisu cha Baba

Jumapili, 3 Agosti

Leo siku ya saba. Mtoto kanyolewa, jina limetangazwa rasmi – Zakia, jina la marehemu mama. Wembe ulipomgusa alilia, kisha akalala hapo hapo mapajani kwa bibi yake mzaa mama. Majirani wanasema tumefanana. Hana nywele, hana meno, hana shingo – tumefanana wapi? Lakini nimefurahi, nisidanganye.

Baada ya kula, baba akakohoa kile kikohozi chake cha kutaka watu wanyamaze. Akasema akika, yaani mbuzi wa kumchinjia mtoto, itakuwa Jumapili ya tarehe 17, siku ya ishirini na moja, ili shangazi awahi kufika kutoka Tabora. Halafu, mbele ya ustadhi, mbele ya mtaa mzima: mbuzi atachinjwa na mwanangu Mbaruku mwenyewe, mimi mzee mkono wangu hauna adabu tena.

Akauinua wauone. Ulikuwa unatetemeka kweli. Tangu mwaka jana uko hivyo, kikombe cha chai anashika kwa mikono miwili. Watu wakasema mashallah. Na mimi nikasema sawa baba. Sawa! Mdomo huu!

Ngoja niandike ukweli hapa, maana hapa hasomi mtu. Hili ni daftari la vipimo vya wateja, nani atakuja kutafuta siri katikati ya kiuno na mabega? Mimi Mbaruku Abdillah, miaka thelathini na moja, fundi cherehani, mume wa mtu, baba wa mtu – sijawahi kuchinja hata kuku. Nilijaribu mara moja nikiwa na miaka kumi na tano. Kuku aliinuka akaondoka. Akatembea! Akaenda mpaka mlangoni kwa jirani yetu mama Getruda, na mama Getruda hajaacha kucheka mpaka leo. Tangu siku ile, pakiwa na kuchinja mimi huwa nina mteja wa haraka.

Na baba ndiye mchinjaji wa mtaa wetu wote hapa Igogo. Miaka arobaini. Mwislamu, Mkristo, ukiwa na shughuli unapeleka mbuzi wako kwa mzee Abdillah ili wageni wote wale bila wasiwasi. Sasa akisema mwanangu atachinja, hasemi habari ya akika tu. Anakabidhi. Nikishindwa siku ile, namwangusha mbele ya watu wote waliokula kwa mkono wake.

Siku kumi na nne. Nimehesabu mara mbili.

Jumatatu, 4 Agosti

Suruali ya mwalimu Antoni nimeikata mguu mmoja mfupi. Inchi mbili nzima! Nimemwambia arudi keshokutwa, umeme ulikatika. Umeme haukukatika.

Jumanne, 5 Agosti

Maige kaja kibandani kwangu Mirongo, kaegemea cherehani mpaka uzi ukakatika. Tumesoma pamoja toka darasa la kwanza, sasa anachomelea mageti kule Pasiansi, na bado hajui kuegemea vitu vya watu. Kasema Ijumaa ni Nane Nane, wikendi ndefu, twende kwao Kayenze kuwinda pimbi.

Mimi? Kuwinda? Nikamwambia kitu pekee nilichowahi kuwinda ni sindano iliyodondoka.

Kaeleza. Baba yake, mzee Shigela, ana bustani chini ya mawe karibu na ziwa. Kiangazi hiki kila kitu kimekauka isipokuwa bustani ile, kwa hiyo pimbi wote wa vilimani wamehamia pale. Mboga ya chainizi wameimaliza. Sasa wamegeukia marando, yale majani ya viazi vitamu ambayo mama yake anayamwagilia ili mvua ikianza apande. Yakiisha, mwaka huu hakuna viazi, hakuna michembe, vile viazi vya kukausha. Mzee kaenda kwa afisa wanyamapori, kapewa kibali cha kupunguza pimbi kumi. Bunduki ya upepo anayo, ile ndogo ya kulengea ndege, na leseni yake. Rebeka naye anakuja na manati.

Rebeka ni wa darasa letu vilevile. Siku hizi anauza dagaa pale Mwaloni. Tukiwa la tano alikuwa anaangua zambarau kwa manati akiwa ng'ambo ya barabara, na sisi wanaume tunaokota.

Nikauliza, sasa mimi wa nini? Maige akanishangaa. Wa kuchinja! Kile kirisasi hakiui, kinamzimisha tu, na jiwe la manati ndiyo kabisa. Inatakiwa mtu awahi na kisu pimbi akiwa bado mzima, ndiyo wote tule chungu kimoja. Na wewe si mtoto wa mzee Abdillah?

Nilitaka kukataa. Mdomo ulishafunguka. Halafu likaniingia wazo – Kayenze! Hakuna mtu wa Igogo kule. Hakuna mama Getruda. Mnyama mdogo, mahali pa mbali, watu wachache. Nikiharibu, nimeharibu kwa pimbi. Nikasema nakuja.

Mke wangu Safia alicheka mpaka mtoto akaamka. Yeye peke yake ndiye anayejua kwamba sijawahi. Akasema: nenda baba Zakia, nenda ukajifunze, mimi sitaki mbuzi wa binti yangu aondoke kwa miguu yake.

Baba Zakia. Ndiyo mara ya kwanza kuniita hivyo. Na kaniitia kejeli!

Alhamisi, 7 Agosti

Nilimuuliza baba kama pimbi analiwa. Nilitegemea kidogo aseme haramu, safari iishie hapo. Akasema anakula majani, hana kosa, kuleni. Macho yakamng'aa. Akaingia ndani akatoka na kisu. Kile chenyewe! Mpini wa pembe, ala ya ngozi. Sijawahi kukishika maisha yangu. Akaniwekea mkononi, akasema kichukue, kizoee.

Kanifundisha saa nzima barazani. Mnyama alikuwa kandambili yake. Usimnolee kisu mbele yake. Usimchinje mwenzake akiona. Mlaze ubavu wa kushoto, mwelekeze kibla, bismillah, mara moja. Usirudierudie kama unakata kitambaa. Alisema hivyo hivyo – kitambaa! Kandambili imechinjwa mara sita. Ya saba Safia alikuwa nyuma ya pazia, nikasikia anakohoa, najua hakuwa anakohoa.

Baba alifurahi sana leo. Hiyo ndiyo inayoniumiza. Angekuwa mkali ningekasirika, ningepata sababu.

Nimeshona suti ya kuwindia. Kaki, mifuko minane. Mmoja umelingana na kisu sawasawa. Kama nitashindwa, basi nishindwe nimependeza.

Ijumaa, 8 Agosti. Kayenze

Tumekuja na pikapu ya Maige ya kubebea mageti. Rebeka aliponiona na suti alikaa chini kabisa, pale barabarani, akashika tumbo. Akauliza: Mbaru, tunaenda kuwinda au kupima viwanja? Maige akasema nimependeza, isipokuwa pimbi wataniona toka ng'ambo ya ziwa. Wivu! Swala ya Ijumaa nimesali Igombe, wao wakanisubiri nje wakila miwa.

Mzee Shigela ni mrefu, mkavu, anacheka bila sauti. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, wewe ndiye mtoto wa mzee Abdillah? Baba yako alichinja ng'ombe kwenye harusi yangu! Nikasema ndiye mimi. Mama Wilhelmina, mkewe, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema basi leo tutakula kwa raha. Mungu wangu.

Alitupeleka kuona marando. Matuta yote upande wa mawe yamenyolewa, yamebaki vijiti. Upande wa ziwa bado kuna kijani, matuta kama manne. Akasema hayo ndiyo ya kwake ya mwaka ujao. Hakulia wala nini, alisema tu, halafu akaanza kumwagilia. Mzee akasema leo ni sikukuu ya wakulima, na hao pimbi nao wamekuja na familia zao kusherehekea.

Saa kumi tukapanda. Jamani, mawe yale! Nimezaliwa Mwanza, mawe nayaona kila siku, yamebeba nyumba za watu na kamba za kuanikia nguo. Sikujua kama kuna watu wanaishi ndani yake. Nasema watu kwa sababu pimbi ni watu kabisa. Wananenepa, hawana mkia, wanakaa kwenye jiwe wamebanana familia nzima wanaota jua. Mmoja anakaa juu peke yake, mlinzi. Akikuona anapiga ukelele mmoja, wote chini! Jiwe linabaki tupu na wewe unabaki umeshika bunduki.

Maige kafyatua mara nne. Mara ya kwanza kapiga jiwe. Ya pili jiwe. Ya tatu sijui, hatukusikia kitu. Ya nne kapiga ndoo ya mama yake ya kumwagilia, na mama yake akasema maneno ya Kisukuma ambayo Maige kakataa kututafsiria.

Rebeka akavua kandambili, akajilaza kifudifudi, akangoja. Yule mlinzi akageuka kidogo. Paa! Pimbi mmoja wa pembeni akaanguka, akabingirika mpaka chini kwenye nyasi. Maige akapiga kelele: fundi kimbia! Fundi!

Nilikimbia. Nimeteleza mara mbili, mfuko wa goti umechanika. Nikamkuta amelala ubavu, anahema. Jicho moja limefunguka linaniangalia. Nikapiga magoti. Nikatoa kisu. Nikasema bismillah.

Mkono ukakataa.

Nikasema tena bismillah. Pimbi ananiangalia, na mimi namwangalia. Jicho la kahawia, linaonekana limechoka tu. Nikasema mara ya tatu, na sauti ikatoka kama ya kuomba. Ndipo akaamka, akaning'ata kwenye mkono wa shati, akaondoka na kifungo changu, akaingia kwenye ufa. Kifungo cha pembe kabisa, sio plastiki!

Maige alipofika anahema nikamwambia aliamka kabla sijamfikia. Akasema bahati mbaya, akanipiga begani. Rebeka alikuwa bado juu ya jiwe. Alikuwa anakunja manati yake, macho kwangu.

Tumekula ugali na dagaa wake. Wote wanacheka habari ya kifungo. Mimi nacheka kuliko wao.

Jumamosi, 9 Agosti. Bado Kayenze

Siku ndefu. Niandike yote kabla Maige hajaamka, kalala kwenye mkeka mchana huu mdomo wazi.

Asubuhi mapema tulikuwa tumeshakaa kwenye mawe. Mwangaluka, mwangaluka, tukasalimiana Kisukuma, mama Wilhelmina katuletea uji hadi huko juu. Jua lilipotoka pimbi nao wakatoka, mmoja mmoja, wakajipanga. Mtoto mmoja kampanda mama yake mgongoni. Nikamwambia Maige, yule mwenye mtoto muache. Akasema nitamuacha fundi, mimi hata nikimlenga hatadhurika. Tukacheka kwa kujiziba midomo.

Na hapo hapo akampata mmoja! Maige! Dume kubwa, peke yake, pembeni. Akashangaa mwenyewe, akaangalia bunduki kama kaazima ya mtu mwingine.

Nikakimbia. Safari hii nilikuwa nimejipanga, usiku nimeirudia yote kichwani. Nikamwokota, anahema vizuri, nikamlaza ubavu wa kushoto. Nikashika kisu. Na nikakwama – kibla iko wapi? Nyumbani najua, kibla ni upande wa kabati la vyombo. Hapa mawe kila upande! Nikatoa simu, ile programu ya kibla. Ikaniambia dira haijakaa sawa, zungusha simu kwa umbo la namba nane. Basi mimi nimepiga magoti, kisu mkono mmoja, simu mkono mwingine, nazungusha nane. Nane. Nane. Nane nyingine. Mshale ukaanza kugeuka polepole...

Ukasimama. Upande wa ziwa. Nikatazama chini, na pimbi alikuwa ameshakufa.

Toka bustanini mzee Shigela akapaza sauti, anauliza nimepata mtandao? Nikamweleza. Akacheka lile cheko lake lisilo na sauti mpaka akashika jembe asianguke. Akasema mwanangu, Waislamu wa hapa wote wanasali wanaangalia ziwa, ungeuliza tu.

Ningeuliza tu! Sikuuliza kwa sababu mtoto wa mzee Abdillah haulizi. Hiyo ndiyo kazi ya uongo.

Nikawaambia ninyi kuleni, kwenu hana tatizo. Mama Wilhelmina alikuwa ameshamenya vitunguu. Mzee akakataa. Akasema tumekaa pamoja, tunakula pamoja, au hatuli. Maige naye akakataa, na ndiye pimbi wake wa kwanza maishani! Wakampa mbwa. Maige akamwangalia mbwa akila mpaka mwisho, akasema angalau kuna mtu ameniheshimu. Tukala dagaa tena. Nilitamani jiwe lifunguke niingie na mimi.

Baadaye nilishuka ziwani kuosha vyombo, Rebeka akanifuata na sufuria. Kasugua kidogo. Halafu akasema, bila kuniangalia: Mbaru, yule wa jana ulimkuta amezimia. Nilikuwa juu ya jiwe. Ulikaa naye kama unamuuguza.

Nikamwambia yote. Kuku aliyetembea, akika, mkono wa baba, tarehe 17. Alicheka kwenye kuku, nikamruhusu, kila mtu ana haki ya kucheka kwenye kuku. Kisha akaweka sufuria chini. Akasema siku yake ya kwanza kupasua sangara kiwandani alitapika kwenye buti la bosi wake. Nikasema sangara si huwa ameshakufa? Akasema ndiyo ujue.

Akaniuliza: ukikata kitambaa, unaangalia wapi? Nikasema kwenye mstari wa chaki. Akasema uso wa mteja huuangalii? Nikasema nitauangalia wa nini, si nitakata vidole! Akasema haya basi. Akabeba sufuria lake akapanda.

Baba kasema nisichinje kama nakata kitambaa. Rebeka anasema nikate kama kitambaa. Baba hajui kwamba kitambaa ndicho kitu pekee ninachokata bila kurudia.

Maige ameamka. Tunapanda tena.

*Baadaye, jua linazama.* Nimechinja! Nimechinja mimi!

Rebeka alimpiga jike moja nono saa kumi na moja hivi. Nilikimbia sikuteleza. Ziwa lilikuwa mbele yangu, sikuhitaji simu. Nikamlaza, jicho nikalifunika kwa kiganja, nikatazama shingo tu, nikaona mstari kama nimeuchora mwenyewe. Bismillahi Allahu akbar. Mara moja. Sikurudia.

Halafu nikakaa kwenye nyasi, nikalia. Ndiyo, nililia, si nimesema hapa hasomi mtu. Sikulia kwa woga. Nilimhurumia, na nilifurahi, na vyote vilikuja kwa pamoja vikanishinda. Maige akafika akasema vipi fundi, kakung'ata tena? Nikamwambia hapana, suti imechafuka. Akasema ungevaa kaptula kama wenzako.

Baadaye wakapata wawili wengine, Rebeka mmoja, Maige mmoja (kalenga wa kulia akapiga wa kushoto, anasema alikusudia). Nikawahi wote wawili. Wa tatu mkono ulikuwa umetulia kabisa. Mzee kasema watatu wanatosha, waliobaki watajua kwamba hapa kuna watu.

Mama Wilhelmina kapika na nyanya na karanga. Nyama tamu, karibu na sungura. Tumekula chungu kimoja, na mzee kanipa paja, kasema la mchinjaji. Mama kasema wabeja sana mwanangu, ndiyo asante yao. Kule juu mlinzi bado anapiga ukelele wake. Marando yapo, matuta manne yote.

Jumapili, 10 Agosti

Nimerudi. Baba alikuwa barazani, nadhani alikuwa pale toka asubuhi. Nikamrudishia kisu, akakataa kukipokea. Akauliza wangapi? Watatu. Ulirudia? Sikurudia baba, hata mmoja. Akaitikia kwa kichwa polepole, akaniuliza habari za mzee Shigela. Baada ya Alasiri akaniuliza tena: hata mmoja? Hata mmoja baba.

Jioni nimemsikia kwenye ukuta anamwambia mama Getruda. Mama Getruda kauliza, hao pimbi walikuwa wamefungwa kamba? Yule mama!

Habari ya yule wa kwanza, wa Ijumaa, na ya yule wa nane nane nane, baba hajui na hatajua.

Jumatano, 13 Agosti

Mbuzi kaletwa. Wa kahawia, amenona, anatafuna kila kitu, ameshakula nusu ya nguo ya pati ya mama mkwe. Nampita namwangalia shingo. Safia kasema niache kumwangalia mbuzi vile, anaogopa.

Baba jana kaenda hospitali, kabadilishiwa dawa. Wateja wawili wameniagiza suti ya kuwindia! Hawawindi. Wanapenda mifuko.

Naingojea Jumapili. Naandika tena nione kama ni kweli: naingojea.

Ijumaa, 15 Agosti

Baba kanywa chai kwa mkono mmoja. Nyumba nzima imesimama kumwangalia. Safia kalia. Alhamdulillah.

Jumamosi, 16 Agosti

Shangazi kafika na mikungu miwili ya ndizi na maneno mengi. Kaniuliza, ati kweli wewe ndiye mchinjaji? Nikamwambia ndiyo shangazi. Nilijibu bila kumeza mate. Kisu nimekinoa chumbani, mlango nimefunga, mbuzi asione.

Jumapili, 17 Agosti

Saa tatu asubuhi. Naandika nimekaa ukingoni mwa kitanda, watu wako uani wananisubiri. Nimeingia kuchukua kisu.

Kila kitu kilikuwa tayari. Shimo limechimbwa, ustadhi kafika, Maige na Rebeka wamekuja toka saa moja, Maige kavaa kaptula makusudi. Mama Getruda kaleta kiti chake mwenyewe, kakaa mbele kabisa! Nikamchukua Zakia nikamtoa nje aonekane, watu wakashangilia. Nilikuwa na raha mpaka nikaona aibu.

Ndipo baba akatoka chumbani kwake. Kanzu ile nyeupe, mikono ameikunja hadi kwenye kiwiko. Akakohoa. Watu wakanyamaza. Akainua mkono wake wa kulia mbele ya wote, na ulikuwa umetulia kabisa. Akasema Mungu kanirudishia mkono wangu. Mjukuu wangu wa kwanza huyu. Mbaruku mwanangu, niachie mbuzi huyu mmoja tu, wengine wote ni wako. Kalete kisu.

Shangazi akapiga vigelegele. Ustadhi akasema amin. Mama Getruda akapiga makofi, sijui kwa nini hasa, ila alipiga.

Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote. Alipoushusha mkono, kidole kidogo kilianza kucheza. Akakifungia ndani ya ngumi. Akaniangalia kuona kama nimekiona. Nikatazama mbuzi.

Akirudiarudia leo, mbele ya watu wote hawa, hilo ndilo watakalolikumbuka. Miaka arobaini yote itafutika kwa mbuzi mmoja. Namjua, hatatoka nje tena. Na nikimwambia hapana baba, namwambia mbele ya watu hao hao kwamba nimekiona kidole.

Lakini niseme ukweli wote. Si hilo tu. Mbuzi ni wa binti yangu na mimi nataka kumchinja. Mimi! Wiki mbili zilizopita mtu angenipa nafasi hii ya kuponyoka ningembusu miguu. Sasa namuonea wivu mzee wa watu.

Safia kaingia kuniangalia, na mtoto begani. Kauliza nafanya nini. Natafuta kisu, nimemwambia. Kaangalia juu ya kabati, chini ya mto, kwenye suti, mifuko yote minane. Baba anaita huko nje. Mbaruku! Kisu!

Nakuja baba! Nimeitikia, na sijanyanyuka.

Safia kanitazama. Ananiuliza, baba Zakia, umekalia nini hapo?

Nimemwambia sijakalia kitu.